Siku ya Kufunuliwa Imeahirishwa Tena

Jumatatu, 14 Julai

Mimi ni mke wa mtu! Nimeiandika sentensi hiyo kwanza ili niione kwa macho, na sasa nimeiona nataka kuiandika tena. Mimi, Eliana, ni mke wa Nestori. Juzi tulifunga ndoa, jana nilikula mkate alioupaka siagi kwa mkono wake, leo asubuhi ameniimbia huku akitafuta soksi. Anaimba vibaya sana. Labda hapo ndipo ninapompenda zaidi.

Ninaandika kwa sababu sina kazi nyingine. Kwetu bibi harusi hapiki, hafagii, haendi sokoni, wala havuki geti la ukweni mpaka siku ya kufunuliwa, ile tunayoiita gutwikurura. Siku hiyo watu wa kwetu watakuja na vikapu na nyimbo, watanivua kitambaa kichwani mbele ya wote, nitawagawia wageni kinywaji kwa mkono wangu, na kuanzia hapo nitakuwa mwanamke wa nyumba kama wanawake wengine. Ni Jumamosi hii. Atakayenifunua ni Nyanya Ernestina, aliyenilea kambini Tanzania na kisha Nyanza-Lac tuliporudi. Harusini hakufika, walisema mguu unamsumbua na gari halikupatikana. Nililia kidogo kanisani kwa ajili yake, watu wakadhani ni furaha.

Hadi Jumamosi, dunia yangu ni dirisha. Wala si dunia mbaya! Tunaishi kwa mama mkwe, hapa Rumonge, jirani na chuo, na ng'ambo ya njia kuna geti la kijani la Mama Mwanvua, mwenye vyumba vya kupangisha wanafunzi. Vakansi imeanza, chuo kimefungwa, kwa hiyo tangu asubuhi ninaona magodoro yakitembea: godoro juu ya baiskeli, godoro kichwani, godoro limebebwa na wavulana wawili wanaogombana. Kila anayeondoka anamwachia sufuria anayebaki. Mwishowe atabaki mtu mmoja na sufuria zote.

Jumanne, 15 Julai

Nimelala mchana. Maisha haya!

Alhamisi, 17 Julai

Jambo dogo tu. Nestori, sheri wangu, mpenzi wangu, ana sekretaria mbele ya chuo, yaani mashine ya fotokopi, kompyuta moja na benchi la wateja. Kazi yake ni kuchapa memuari, zile tasnifu za wanafunzi. Sasa wanafunzi hawapo. Kibanda cha chapati kimefungwa, yule wa kuuza vocha amerudi kwao kulima, hata mbwa wa chuo wamehama. Lakini Nestori anatoka asubuhi na kurudi alasiri, amechoka kama mtu aliyechapa memuari za chuo kizima.

"Unamchapia nani?" nilimuuliza.

"Kazi ndogondogo, sheri. Watu hawakosi."

Sawa. Lakini leo ameondoka na thermos yetu nyekundu, zawadi ya shemeji, na mama yake ndiye aliyeijaza uji wa sosoma. Nestori hanywi uji. Tulipokuwa wachumba aliniambia uji ni chakula cha wagonjwa na wasio na meno. Nilipoingia jikoni wote wawili walinyamaza, kisha mama mkwe akasema hewa leo ina vumbi.

Ina vumbi kweli. Lakini ilikuwa na vumbi jana pia na hakusema.

Jumamosi, 19 Julai

Haikuwa. Mjomba amepiga simu kutoka Nyanza-Lac: esansi hakuna, magari hayana mafuta, mabasi yamelala, mwenye pikipiki anadai bei ya mbuzi kwa safari moja. Watakuja wiki ijayo. Na mimi nimeshasukwa nywele!

Alasiri Nyanya alinipigia.

"Usilie, mutoto wangu. Machozi ya bibi harusi yanaharibu poda, na poda ni ghali."

"Mguu je, Nyanya?"

"Mguu upo. Uko palepale nilipouacha."

Tulikuwa tunacheka adhana ikaanza kwenye msikiti wetu, na ndani ya simu nayo ikaanza, sauti ileile, pumzi ileile. Nilifurahi mno. Nilimwambia Nestori: tazama, Rumonge na Nyanza-Lac wanaomba kwa pumzi moja, ndivyo na sisi tutakavyokuwa! Hakucheka. Alitoka nje kuangalia kitu, na nje hakukuwa na kitu.

Jumatano, 23 Julai

Leo nimemwona yule aliyebaki na sufuria zote. Anaitwa Benedicte, anasomea uuguzi, amepanga kwa Mama Mwanvua. Alikuja kuazima beseni. Mrefu, mweupe wa meno, ana kicheko cha kutoka tumboni.

"Amahoro, bibi harusi! Bado wamekufungia?"

"Mpaka Jumamosi. Wewe hukwenda vakansi?"

"Niko kwenye staji, najifunza kazi hospitalini." Kisha akamgeukia mume wangu, mbele yangu, nimeketi pale na kitambaa changu kichwani: "Nesto, ile ya jana imekwisha. Leta nyingine kesho."

Nesto! Mimi mwenyewe simwiti Nesto. Na ile ya jana ni ile nini? Nilipouliza, Nestori alisema karatasi. Msomi wa uuguzi anamaliza karatasi kila siku?

Beseni alilochagua ni lile kubwa la kuogea.

Jumamosi, 26 Julai

Imeahirishwa tena. Walipata esansi ya kuja, lakini hawakupata ya kurudi, wakaona busara kubaki. Mama mkwe aliwasha mkaa, akauzima.

Alhamisi, 31 Julai

Upepo kutoka ziwani kutwa nzima. Mji huu bila wanafunzi ni kama nyumba iliyohamwa ikasahauliwa redio ndani: sauti zipo, watu hawapo. Kule chini ziwa limefungwa ili samaki wazaane, wavuvi hawatoki, ndagala, yaani dagaa, hazianikwi. Kutoka dirishani ninaona njia tupu, na katika njia tupu mtu mmoja anaonekana vizuri sana. Mume wangu hashuki kwenda sekretaria. Anavuka njia. Anaingia geti la kijani.

Nimeandika, sasa ni kweli.

Nilijiambia pengine anamdai Mama Mwanvua kitu. Lakini Mama Mwanvua yuko Kabezi kwa binti yake tangu wiki ile ya kwanza ya ndoa yetu, nilimsikia akiaga. Vyumba vyote vimefungwa kufuli isipokuwa kimoja.

Aliporudi alinibusu paji la uso na mikono yake ilinuka dawa ya hospitali. Mtu ananibusu vizuri namna ile, na hapohapo ananuka hivyo! Moyo wangu ulitaka kuamini busu. Pua ilikataa.

Jumamosi, 2 Agosti

Imeahirishwa. Kuna msiba huko kwa mjomba mwingine. Sasa ninapoisikia simu ya Nyanza-Lac ninajua itakachosema.

Nimeanza kusikiliza nyumba hii. Mama mkwe, Mama Speciosa, ni mwanamke mwema, mapishi yake yananinenepesha, lakini ana namna ya kukohoa mwanawe anapotaka kusema neno. Leo asubuhi Nestori alisema, "Mama, mimi naona tumwambie tu," naye akakohoa kikohozi kirefu mpaka nilipotokea mlangoni.

"Mniambie nini?"

"Kwamba umependeza, mukazana wangu," mama mkwe akasema. "Hatutaki ujivune."

Jumatano, 6 Agosti

Kitenge changu.

Katika sanduku langu la harusi nilikuwa na kitenge cha samawati chenye ndege weupe, nilichonunuliwa na wanakwaya. Nilikitafuta leo nione kama kitafaa siku ya kufunuliwa, sikukiona. Nilidhani mama mkwe amekipeleka kwa fundi. Nikafungua dirisha nipate hewa. Geti la kijani lilikuwa wazi, na uani, kwenye kamba ya Benedicte, ndege wangu weupe walikuwa wanapepea, wamefuliwa, wanamwaga maji.

Nestori alipofika nilimwonyesha kwa kidole.

Akakaa kitandani. "Nilikichukua mimi."

"Umempa?"

"Eliana, kitambaa ni kitambaa. Nitakununulia kingine."

"Sikuulizi bei. Nakuuliza, umempa yule?"

Alifunika uso kwa mikono. Kisha akasema, "Siku utakayofunuliwa nitakueleza kila kitu. Niliapa. Usiniulize kabla."

Aliapa! Kwa nani? Mwanamume anamwapia nani jambo la kumficha mkewe wa mwezi mmoja? Nimempa mgongo. Nampenda bado, ndilo linalonikera. Ningekuwa simpendi ningelala usingizi mzuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Imeahirishwa, sikuuliza hata sababu.

Mama Mwanvua amerudi kutoka Kabezi na amekuja kunisalimu, na bakuli la mihogo lenye mawese mekundu. Anapenda kukaa na kueleza. Alieleza safari yake, nusu kwa baiskeli nusu kwa miguu, akaeleza ujauzito wa bintiye, kisha akafika kwa wanafunzi.

"Hawa batoto ni baraka na laana. Unamupa chumba ya mutu moja, unakuta ndani iko mutu tatu na jiko. Mimi nilisema: chumba yangu si hoteli. Vakansi ndiyo mbaya kabisa, wananiona nimetoka, wanaingiza watu."

Mimi nilikuwa natafuna muhogo. Ningeweza kuendelea kutafuna.

"Mama Mwanvua," nikasema, "kwa Benedicte kuna watu wanaingia."

Mkono wake ukasimama. "Watu gani?"

"Sijui. Mimi natazama dirishani tu. Chakula kinaingia, maji ya kuoga yanatoka. Mtu mmoja haogi mara nyingi vile."

"Mwanamume?"

"Mwanamume naye anaingia."

Sikumtaja. Aibu hiyo ningeila mwenyewe. Mama Mwanvua akasimama, akafunga kilemba chake vizuri kama mtu anayekwenda vitani.

"Asante, binti. Wewe una macho. Bantu ya hapa wote wamekuwa vipofu."

Nilijisikia mwepesi. Nilimaliza mihogo yote.

Jumapili, 10 Agosti

Ameondoka! Ameondoka, ameondoka!

Tulipotoka kula mchana kelele zikaanza ng'ambo. Sauti ya Mama Mwanvua ilipanda juu ya mabati: "Niliipangisha kwa mutu moja! Moja! Leo mutoke, leo!" Sauti ya Benedicte ikaomba jambo, na sauti ya Nestori, ya mume wangu, ikaomba pia. Nilikimbilia dirishani. Mama mkwe alifika kabla yangu, akalifunga, akakaa juu ya kiti mbele yake na kuanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zote. Aliimba beti zote. Machozi yalikuwa yanamtoka, nikadhani ni aibu ya mwanawe.

Lakini dirisha lile lina ufa. Niliinama nikaona baiskeli. Nestori alikuwa anaisukuma polepole, na nyuma, juu ya kiti cha mizigo, mtu amefunikwa kitenge changu kuanzia kichwani. Sikumwona uso. Niliona miguu tu inaning'inia. Ilikuwa imevimba, imejaa hadi vidole, kama ya mwanamke mwenye mimba kubwa.

Basi ndiyo hiyo. Ndiyo maana ya uji, na beseni, na dawa. Ana mimba.

Nimeshinda na sijui nimeshinda nini.

Jumatano, 13 Agosti

Nestori anarudi na matope kwenye suruali. Wakati wa kiangazi matope yanapatikana mahali pamoja tu, kule chini kwenye nyumba zilizoingiliwa na ziwa. Hazina kodi kwa sababu hazina wapangaji. Kampeleka huko, basi.

Ananitazama kama mtu anayetazama kidonda, hataki kukigusa. Hata kunikasirikia hanikasirikii, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Kutwa nasikia watu wakishuka na mabeseni.

Jumapili, 17 Agosti

Nyanya amepiga. Sauti yake ni nyembamba, inafika na kurudi.

"Umekonda?" akaniuliza.

"Nimenenepa."

"Vizuri. Mwanamke mwenye hasira asikonde, watu watajua."

"Nani kakwambia nina hasira?"

Akakohoa kwa muda mrefu. "Eliana, yule mume wako ni mtu mzuri. Usimtazame kwa pembe ya jicho."

Nilikaa na simu mkononi baada ya kukata. Nani kamwambia? Nestori amempigia! Amekwenda kujitakasa kwa nyanya yangu kabla sijasema mimi! Mtu aliyebaki upande wangu duniani, naye amemchukua. Sasa sina haja ya kusubiri kufunuliwa. Nitakwenda mwenyewe nikamwone huyo mwanamke na tumbo lake, mbele ya Nestori, na tuone nani ataimba wimbo wa kanisa.

Jumatano, 20 Agosti

Nataka kuandika kwa mpangilio, nisipofanya hivyo sitaweza kuandika kabisa.

Mama mkwe alikwenda kuchota maji. Nestori alikuwa ameshatoka na thermos. Nilijifunga kitambaa, nikafungua geti, nikavuka.

Sikujua kwamba njia ni pana vile. Mwanamke aliyekuwa anauza avokado alinyanyuka: "Yeh! Bibi harusi anatembea! Nani amekufunua?" Nikamwambia nimejifunua mwenyewe. Alishika kinywa. Nilipita mbele ya chuo, geti lake na mnyororo, mbao za matangazo zimebaki na vipande vya karatasi. Nikapita sekretaria ya mume wangu, kufuli lake limejaa vumbi lisiloguswa na mtu. Nikashuka. Kule chini maji yamefika katikati ya mitaa, kuta zina mstari wa kijani hadi kiunoni, na kwenye kila mahali pakavu watu wameanika ndagala. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anazigeuza: "Mwanamke mgeni, wa chuo, anakaa wapi?" Akaonyesha kwa mdomo. "Yule nesi? Kwenye mlango wa bluu, pamoja na mgonjwa wake."

Nilisikia neno mgonjwa lakini hasira ilikuwa inatembea mbele yangu.

Nilisukuma mlango bila hodi. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga njiani, mazuri, makali. Benedicte alikuwa amepiga magoti, tumbo lake tambarare, anaosha miguu katika lile beseni. Nestori alikuwa amesimama nyuma ya kitanda akimshikilia mtu mabegani ili aweze kukaa. Na mtu huyo alikuwa Nyanya.

Nyanya Ernestina, mdogo kama mtoto, amefunikwa ndege wangu weupe, miguu yake imejaa maji kama ile niliyoiona kwenye ufa.

Kisha Nyanya akasema, "Basi. Amekuja bila kufunuliwa. Funga mlango, mbu wanaingia."

Nilianguka pale kwenye tope. Nilishika ile miguu. Ilikuwa baridi na ngumu, kidole kikibonyeza shimo linabaki.

"Tangu lini?" nikauliza. "Tangu lini uko hapa?"

Nestori ndiye aliyejibu. "Tangu kabla ya harusi, sheri. Aliletwa hospitali, moyo. Walipomruhusu, hakukuwa na gari la kumrudisha. Benedicte alikuwa kwenye staji wodini kwake, akatupa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Alikuwa ng'ambo ya njia, Eliana. Kila siku alikuwa ng'ambo ya njia."

"Na simu?"

"Nilikuwa napigia kitandani," Nyanya akasema. "Nasikia kicheko chako mara mbili, kwenye simu na dirishani. Nilikuwa nimenunua vitu viwili kwa bei ya kimoja."

"Kwa nini? Kwa nini hamkuniambia?"

"Usimtazame yeye. Mimi nilimwapisha." Alipumzika kati ya maneno, Benedicte akimpepea. "Mimi niliolewa Jumamosi, Jumanne wakaniambia baba amekufa. Hadi leo nikiikumbuka harusi yangu naona jeneza. Nikasema wewe hutaonja hilo. Wiki moja tu, nikasema. Akifunuliwa, aambiwe, aje anitunze. Nani alijua esansi itaisha nchi nzima? Kila Jumamosi nilisema ni Jumamosi ijayo. Mtu hawezi kuvunja kiapo kilichobakiza siku sita."

Siku sita zilizojirudia hadi zikawa kiangazi kizima.

Hapo nikakumbuka mihogo. Nikakumbuka nilivyojisikia mwepesi. Nikasema, maana ningekaa nalo lingeniua: "Nyanya, aliyewafukuzisha kule ni mimi. Nilimwambia Mama Mwanvua."

Benedicte akaangalia beseni. Nestori akaangalia ukuta wenye mstari wa kijani. Ndipo nilipofahamu.

"Mlijua."

"Mama Mwanvua ana sauti kubwa," Nyanya akasema. "Alisema mbele ya mtaa mzima, bibi harusi wa ng'ambo ana macho. Mkweo alikufungia dirisha usisikie tulivyosikia sisi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nilimwambia Nestori, tazama, ana wivu, basi anakupenda. Wengine wanasubiri miaka wajue hilo."

Nililia hadi Benedicte akanipa kona ya kitambaa chake. Yeye aliyefukuzwa chumbani kwa sababu yangu, akalala humu kwenye unyevu amlinde nyanya wa mtu asiyemsalimu vizuri. Nilitaka kumwomba msamaha akasema, "Kesho. Leo shika huku, tumgeuze."

Tulipomgeuza Nyanya alinyoosha mkono, akavuta kitambaa changu kichwani, akakitupa kitandani. Hapakuwa na vikapu, wala ngoma. Mama wa ndagala alikuwa amechungulia mlangoni, akapiga kigelegele kimoja, akanyamaza alipoona nyuso zetu.

"Haya," Nyanya akasema. "Umefunuliwa. Sasa fanya kazi."

Alhamisi, 21 Agosti

Tumemleta nyumbani, amelala kwenye kitanda chetu cha harusi. Mama mkwe alitandika mwenyewe.

Jumamosi, 23 Agosti

Watu wa Nyanza-Lac wamefika! Juu ya lori la mawese, na vikapu vyao, na nyimbo zao, siku tatu baada ya kazi kwisha. Mjomba alitaka tufanye upya rasmi. Nyanya akasema jambo lililofunuliwa halifunikwi. Wakakaa, wakanywa, nikawagawia kwa mkono wangu, na yeye akatazama kutoka kitandani mlango ukiwa wazi.

Mama Mwanvua naye alikuja. Alipiga magoti kando ya kitanda, mwanamke mkubwa vile. "Mama, nisamehe, sikujua ni wewe nyanya wa bibi harusi." Nyanya akamjibu, "Ungejua ungeongeza kodi." Wakacheka wote. Benedicte amerudishiwa chumba.

Jumanne, 26 Agosti

Ninampikia mwenyewe. Uji anautaka mzito. Hatuzungumzi mambo makubwa. Ananieleza jinsi ya kukausha samaki bila kunuka.

Jumatatu, 1 Septemba

Usingizi umekuwa mrefu. Nimemwuliza Benedicte kama ni ile nyumba ya unyevu. Anasema moyo ulikuwa umechoka tangu Juni, ingekuwa vilevile. Huenda ni kweli. Huenda ananihurumia. Watu wa hapa wana desturi ya kunihurumia, na sasa kila ninapoona mtu ananitendea wema ninatazama nyuma yake kuna nini.

Ijumaa, 5 Septemba

Ametutoka asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Jumapili, 14 Septemba

Sijui kuishi na Nestori. Si kwamba simpendi. Leo aliniletea machungwa, akayamenya, nikamwuliza, "Kuna nini?" Akasema machungwa. Nikamwuliza tena. Akasema tena machungwa. Niliyatazama yale machungwa mpaka nilipojiona mjinga.

Nikamwambia: "Sikiliza. Uliapa kwa Nyanya, ukashika kiapo, nakuheshimu. Lakini ulinihesabu mtoto. Mlinifunga ndani ya furaha kama kuku. Mimi sitaki tena furaha ya kufungiwa. Jambo baya likitokea, niambie likiwa bado moto."

"Hata likiwa dogo?"

"Hasa likiwa dogo. Kwa hayo ndiyo nitajifunza kukuamini."

Alikula chungwa moja, na mimi moja.

Jumatatu, 29 Septemba

Mvua ya kwanza jana. Wanafunzi wanarudi, njia imejaa kelele, kibanda cha chapati kimefunguliwa, na mbele ya sekretaria yetu foleni ilianza kabla ya jua kupanda. Nilikuwa nachagua maharage uani. Nestori ameingia mbio, bila hodi, shati limelowa, wino mweusi hadi kwenye viwiko, kiatu kimoja amekivua njiani.

"Eliana! Mashine ya fotokopi imekufa. Imetoa moshi. Wateja wamejaa, fundi yuko Bujumbura, na sijui tutakula nini mwezi huu."

Alisema yote kwa pumzi moja, amesimama hapo akinitazama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Niliweka sinia chini. Nikamkumbatia na wino wake wote, nikamwomba anieleze tena tangu mwanzo.